Kocha wa soka wa chuo kikuu apimwe kwa kipi? Yeagley wa Indiana na Arena wa Virginia

Swali

Ndugu wanajukwaa, naomba mnisaidie hoja. Nimekuwa nikifuatilia historia ya soka ya wanaume katika vyuo vikuu vya Marekani, na kuna jambo moja ambalo mimi na rafiki yangu tumeshindwa kukubaliana. Jerry Yeagley aliiongoza Indiana kutwaa ubingwa wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, mara sita, yaani 1982, 1983, 1988, 1998, 1999 na 2003, ilhali Bruce Arena aliipatia Virginia ubingwa mara tano ndani ya misimu sita tu, kuanzia 1989 hadi 1994. Rafiki yangu anashikilia kwamba Arena ndiye mkubwa zaidi kwa kuwa alihitaji muda mfupi, na anaongeza kwamba timu zao zilipokutana katika fainali ya 1994, Virginia ilishinda 1-0. Moyo wangu uko kwa Yeagley, lakini kila ninapoanza kumtetea najikuta nahesabu vikombe, na tofauti ya kikombe kimoja haimshawishi mtu yeyote. Je, kocha wa chuo apimwe kwa kipi?

Jibu la kwanza

Ndugu, weka vikombe kando kwanza, kisha anza na mwaka 1963. Yeagley alipofika Indiana mwaka huo, chuo hakikuwa na timu rasmi ya soka; kilichokuwapo ni klabu ya wanafunzi, naye aliifundisha kwa miaka kumi hadi ilipokubaliwa kuwa timu rasmi mwaka 1973. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaonja ubingwa akiwa mchezaji wa West Chester mwaka 1961, kwa hiyo alijua vyema alichokuwa anakikosa, na bado alikaa. Michezo ya miaka hiyo kumi haimo kabisa katika hesabu anayosifiwa nayo, ambayo ni ushindi 544, sare 45 na vipigo 101. Gawanya vipigo hivyo kwa misimu 31 ya timu rasmi, utaona kwamba kwa wastani alipoteza michezo mitatu na kidogo tu kwa msimu.

Lakini mimi hunivutia zaidi fainali alizopoteza. Indiana ilifika fainali mwaka 1976, 1978 na 1980, na mara zote tatu ilifungwa na timu ileile ya San Francisco. Kumbuka kwamba mchezaji wa chuo wakati huo alikuwa na misimu minne tu ya kucheza, hivyo waliolia mwaka 1976 karibu wote walikuwa wamekwisha kuhitimu ilipofika 1980. Kocha wa klabu ya kulipwa akipata kikosi kizuri anaweza kukaa nacho. Wa chuo analazimika kukiaga kila mwaka na kuanza kusaka vijana wengine, kisha kuwafundisha upya yale yale. Fainali ya 1982 dhidi ya Duke ilikwenda vipindi vinane vya nyongeza kabla Gregg Thompson wa Indiana hajafunga bao lake la pili na kuufanya mchezo uishe 2-1. Kila nikiifikiria fainali hiyo nauona uvumilivu wa tangu siku za klabu ya wanafunzi.

Jibu la pili

Ninamheshimu sana Yeagley, ila ningependa Arena naye atendewe haki. Kwanza nisahihishe jambo dogo ambalo hata rafiki wa muuliza swali huenda amelipita: ubingwa wa 1989 Virginia iligawana na Santa Clara baada ya sare ya 1-1. Hata hivyo, ile minne iliyofuata, 1991 hadi 1994, ilikuwa ya mfululizo, na hakuna timu nyingine ya wanaume katika daraja la kwanza la vyuo iliyofanya hivyo. Hoja ya kikosi kinachobadilika inamfaa Arena pia, kwa sababu Claudio Reyna, aliyekuwa mhimili wa timu katika mataji matatu ya kwanza kati ya hayo manne, hakuwapo tena mwaka 1994, na taji likapatikana bila yeye. Kisha Arena aliondoka kwenda D.C. United, akatwaa ubingwa wa ligi ya kulipwa mwaka 1996 na 1997. Hakushindwa kudumu chuoni. Alichagua njia nyingine, na kumpima kwa urefu wa miaka ni kumhukumu kwa kazi aliyoiacha kwa hiari.

Jibu la tatu

Nashangaa kwamba mjadala huu umefika hapa bila kumtaja Lincoln Phillips, golikipa wa zamani kutoka Trinidad aliyeifundisha Howard, chuo cha kihistoria cha Wamarekani weusi kilichopo Washington. Howard iliishinda Saint Louis katika fainali ya 1971, kisha NCAA ikaufuta ubingwa huo kwa madai ya wachezaji kutostahili kucheza. Ukimpima kocha kwa vikombe vilivyoandikwa, msimu ule wote ni kama haukuwapo. Phillips alirudi mwaka 1974 na kikosi kilichoshinda michezo yote 19, na katika fainali akaifunga tena Saint Louis hiyohiyo, 2-1, baada ya muda wa nyongeza. Kwangu mimi kombe hilo moja lina uzito ambao hesabu ya sita kwa tano haiwezi kuueleza.

Muuliza swali

Nawashukuru nyote kwa dhati. Suala la Reyna limenitikisa, na nitamwambia rafiki yangu waziwazi kwamba sikulijua. Kuhusu Phillips nakiri nilikuwa nimemsahau, na si haki.

Bado nina jambo moja la kumwekea Yeagley. Mchezo wake wa mwisho ulikuwa fainali ya 2003, ambayo Indiana iliifunga St. John's 2-1. Mwaka uliofuata, chini ya Mike Freitag, timu hiyo ilitwaa tena ubingwa kwa penalti dhidi ya UC Santa Barbara, na sehemu kubwa ya vijana wale walikuwa wameletwa chuoni na Yeagley. Mwanawe, Todd, akiwa kocha wa Indiana, akatwaa ubingwa wa 2012, kisha akafungwa katika fainali za 2017, 2020 na 2022. Nikimtazama huyo mwana akipoteza fainali tatu, naikumbuka San Francisco na baba yake.