Kuna ukweli serikali ya Uingereza inatoa homeopathia bure hospitalini? Na bima yetu ilipie?

Mwalimu wa Kongwa

Habari za leo wakuu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma mjini, nyumbani ni Kongwa. Mama yangu ana presha ya miaka mingi, anameza vidonge anavyochukua kituo cha afya. Sasa kuna bwana alipita mnadani akamuuzia kichupa cha chembe nyeupe, tamu. Akamwambia ni homeopathia, tiba iliyogunduliwa na Mjerumani, na kwamba vidonge vya hospitali aviweke pembeni kwanza ili mwili ujirekebishe. Nilipokwenda kumsalimia nikakuta vidonge havijaguswa. Jirani yetu muuguzi akampima, presha iko juu mno.

Kilichonileta hapa ni maneno ya huyo bwana, maana yamewaingia watu wengi pale mnadani. Anasema Uingereza na India serikali zinatoa tiba hii bure, kwa hiyo bima ya afya kwa wote ikikamilika, Tanzania nayo itailipia. Mimi nakatwa asilimia 3 ya mshahara kwa ajili ya bima, mwajiri anaweka 3 nyingine. Hela hiyo inanihusu. Je, ni kweli wanatoa? Mama kaniuliza, "Ina maana Wazungu wote hao hawana akili?" Nimekosa la kumjibu.

Dirisha la Dawa

Pole sana Mwalimu, na shikamoo nyingi kwa mama. Kabla ya mengine yote: mama aende kituoni leo, daktari aamue arudie vidonge kwa kiasi gani. Presha haiumi. Mtu anaacha dawa, anajiona mzima, halafu siku moja anaamka upande mmoja haufanyi kazi. Nipo dirisha la dawa kwenye hospitali hapa Dodoma na watu wa namna hiyo nawaona, wengi wao ni wazee wetu wa vijijini.

Uingereza ni kweli walikuwa wanatoa. London kulikuwa na hospitali nzima ya homeopathia tangu 1849, na huduma ya afya ya taifa ilipoanzishwa 1948 ikairithi. Kwa hiyo serikali haikukaa ikapima kwanza ndipo ikaichagua, iliikuta. Mwaka 2010 kamati ya sayansi ya Bunge lao ikapitia ushahidi, ikasema haizidi dawa bandia ya kupimia, yaani kidonge kisicho na dawa ndani, fedha ya umma isitumike. Mwaka 2017 madaktari wakashauriwa wasiiandike tena, na 2018 hospitali ile ya London ikaacha kuitoa kwa fedha ya serikali. Wafaransa nao walikuwa wanarudishia wagonjwa sehemu ya gharama, wakaacha kabisa Januari 2021. Huyo bwana anauza habari ambayo imeshapitwa.

Mjerumani mwenyewe ni Samuel Hahnemann. Mwaka 1790 alikula gome la mti wa kwinini akajisikia kama ana homa, akahitimisha kwamba kinachomletea mzima dalili za ugonjwa ndicho kinachomponya mgonjwa. Sisi wa nchi ya malaria tunajua kwinini inafanya nini: inaua vimelea kwenye damu. Haihusiani na kuleta homa.

Halafu ndiyo inakuja dawa yenyewe. Unachukua tone moja unachanganya na matone 99 ya maji au spiriti, unatikisa. Unachukua tone moja la mchanganyiko huo, matone 99 mengine. Ukifika mara ya tisa, ni zaidi ya kudondosha tone moja kwenye bwawa lote la Mtera. Wao wanaendelea mpaka mara thelathini, halafu wananyunyizia kwenye chembe za sukari. Ukivuka mara ya kumi na mbili hakuna matumaini ya kukuta hata molekuli moja ya kile ulichoanza nacho. Kwa hiyo mama hakuwekewa sumu, ila aliachishwa dawa. Hapo ndipo hatari ilipo.

Aliyesoma Bangalore

Niongezee kuhusu India, nimesoma kule. Wana wizara nzima ya tiba za jadi na mbadala tangu 2014, na homeopathia imo. Zahanati za serikali zipo, watu wanakwenda kwa mafua, kwa ngozi, kwa tumbo la muda mrefu. Lakini nilipougua dengi, familia niliyopanga kwao, ambao nyumbani walikuwa na kasha zima la hizo chembe, walinikimbiza hospitali ya kawaida nikatundikiwa dripu. Hilo muuzaji wa mnadani halisemi. Na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilionya waziwazi homeopathia isitumike kwa malaria, kifua kikuu, Ukimwi wala kuhara kwa watoto.

Mama Chilonwa

Mnaongea kama watu wasiowahi kukaa na ugonjwa usiosikilizwa. Mimi nilikuwa na vipele vya miaka. Hospitali nakaa foleni tangu alfajiri, naingia, daktari haninyanyulii macho, naandikiwa krimu, natoka. Yule mtaalamu wa homeopathia alinikalisha karibu saa nzima: nalala vipi, nakula nini, nina mawazo gani. Nikapata nafuu. Na mbona Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lipo kisheria?

Dirisha la Dawa

Mama, nafuu yako siibishi, na hilo la foleni una haki nalo kabisa. Vipele vya aina hiyo huja na kuondoka, na mtu akituliwa mawazo ngozi nayo hutulia. Kama kuna kitu bima inunue kutoka kwa yule mtaalamu, inunue ile saa moja: wauguzi wa kutosha kliniki ya presha na sukari, mgonjwa aulizwe analalaje. Hilo nitalipigania na wewe.

Baraza lipo kwa sheria ya 2002, linasajili watoa tiba. Kusajiliwa ni ruhusa ya kufanya kazi. Kulipiwa na bima ni jambo jingine, linahitaji ushahidi. Na msichanganye na mitishamba. Dawa mseto ya malaria imetokana na mmea, mtafiti wake Mchina, Tu Youyou, akapewa tuzo ya Nobel 2015. Mmea ule ulipimwa, na ndani ya kidonge dawa yake ipo.

Wiki ile vidonge vya presha vinapokwisha dirishani namwambia mzee akanunue nje, na najua hana. Shilingi ya umma ikienda kwenye chembe za sukari, imetoka kwenye kopo la vidonge hivyo.

Mwalimu wa Kongwa

Asanteni sana. Mama amekwenda, amerudishiwa dawa yake na atapimwa tena wiki ijayo. Lile swali la Wazungu nimemjibu kwamba walipima, wakaona haifanyi kazi, wakaacha. Akanyamaza kidogo, akaniambia jirani zake wawili nao walinunua na mmoja ana sukari. Nimempigia mtendaji wa kata, kesho asubuhi tunakwenda naye nyumbani kwao kabla ya siku ya mnada. Dirisha la Dawa, huyo wa sukari kama ameacha dawa kabisa, niangalie dalili gani za haraka?

Dirisha la Dawa

Kiu isiyoisha, kukojoa sana, kutapika, kupumua kwa kasi, kuchanganyikiwa. Ukiona kutapika, kupumua kwa kasi au kuchanganyikiwa, usisubiri mtendaji. Tafuta usafiri moja kwa moja hospitali ya wilaya. Na hata asipokuwa na dalili, apimwe sukari kesho hiyohiyo.