Naomba ushauri: nasukumwa kusaini saruji ambayo haikushuka

Habari wakuu. Niko kamati ya mapokezi kwenye ujenzi wa madarasa kijijini kwetu, ule utaratibu wa fosi akaunti (ujenzi wa kutumia mafundi wa kawaida bila mkandarasi). Nimeletewa hati inayosema imeshuka mifuko 200 ya saruji. Lori nililiona mwenyewe, hata nusu haikufika, na kwa udogo wa stoo ile mifuko 200 ingejaa mpaka nje. Mjumbe mwenzangu ameshasaini (na pikipiki mpya anayo, ila hayo tuyaache). Naambiwa, "Saini tu, mzigo mwingine unakuja."

Najua TAKUKURU (taasisi ya kuzuia rushwa) wana namba ya bure, 113, na ipo sheria ya 2015 ya kuwalinda watoa taarifa. Lakini kijijini siri haikai. Wajumbe wenyewe wachache, aliyegoma atajulikana tu. Na CAG (mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali) akija kukagua, si atakuta karatasi safi zenye saini zote?

Sasa nianze na barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nibaki na nakala yenye muhuri, au niende TAKUKURU wilayani moja kwa moja? Na ile hati nikiipiga picha, itanisaidia au itanigeuka? Mwenye uzoefu anijuze, wanaitaka saini kabla ya Ijumaa.