Mrejesho: Mafaili yaliyogoma kufunguka baada ya kurejesha bekapu

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini kompyuta ya SACCO yetu hapa Jinja, inayotumia Ubuntu (aina ya mfumo wa Linux), ilininyima ruhusa ya kufungua mafaili yangu mwenyewe baada ya kuyarejesha kutoka kwenye bekapu. Sasa yanafunguka! Aliyesema niandike ls -n, amri inayoonyesha namba ya mwenye faili, alipiga penyewe: mafaili yalikuwa ya mtumiaji namba 1001, na akaunti yangu mpya ni 1000. Linux hutazama namba, hata kama jina ni lilelile. Nikaandika sudo chown -R 1000:1000, amri ya kubadilisha mwenye mafaili, kwa folda yangu ya nyaraka tu. Folda za mfumo msiziguse kabisa. Na chmod 777 niliyoshauriwa na wengine, jamani, hapana: inamfungulia kila mtumiaji hesabu za wanachama. Asanteni sana.