MJADALA: Kihamba kinachofunguliwa Desemba tu, tunakitunza au tumekifungia geti?

Mwana wa Mwika (mwanzisha mada):
Wakuu, shalom. Jumapili ya mavuno nilikuwa nyumbani, Kilimanjaro. Mchungaji akahubiri habari za Esau, aliyeuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu, kisha akatugeukia sisi wa Dar na Arusha: atakayeuza kihamba cha baba yake ndiye Esau wa leo. Kanisa zima amina. Mimi nilinyamaza, na ndiyo sababu ya kuleta mada hii.

Kwa msiotujua Wachagga, kihamba ni shamba linaloizunguka nyumba. Juu kuna miti mirefu, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa magimbi na maharage. Ng'ombe hatoki zizini, analetewa majani, na samadi yake inarudi kwenye shina la mgomba. Wazazi wanazikwa humo humo. Kile cha Shimbwe Juu FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilikitambua mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia, kwa hiyo si mambo ya kuchezea.

Sasa njooni kwetu. Eka moja na robo, wanaume watano. Kila mmoja robo eka. Kaka mkubwa ameshajenga ghorofa, na mbele yake aling'oa migomba kama arobaini, akamwaga pevingi ili magari yapate pa kugeuzia. Nyumba inafunguliwa tarehe 20 Desemba na kufungwa 3 Januari. Mimi robo yangu ina nyasi, sijisifu. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri kukata majani ya ng'ombe ni dada yetu, aliyerudi nyumbani na watoto wawili miaka sita iliyopita. Kwenye mgao hayumo.

Mwanzo 2:15 inasema Adamu aliwekwa bustanini "ailime na kuitunza". Sioni palipoandikwa aifungie geti. Msimamo wangu: kihamba apewe anayekilima, hata akiwa binti, sisi wengine tubaki na haki ya kuzikwa. Nipigeni.

Kibosho Asilia:
Ndugu yangu, pole na nyasi. Ila Biblia umeisoma nusu. Nabothi alikataa kumpa mfalme Ahabu urithi wa baba zake, na Ahabu alikuwa anataka nini? Bustani ya mboga! Tena aliahidi shamba zuri zaidi au fedha taslimu. Kwa hoja yako ya "apewe anayelima", Ahabu alikuwa sahihi.

Dada leo analima, sawa. Kesho kihamba ni cha watoto wake, ambao ni wa ukoo mwingine, na keshokutwa tunaona bango la "kiwanja kinauzwa" juu ya kaburi la babu. Robo eka yenye pevingi inaweza kurudi kuwa mgomba. Iliyouzwa hairudi.

Mama Wawili:
Shemeji wa Kibosho, umewahi kung'oa pevingi wewe? Chini yake kuna mchanga na kifusi kilichoshindiliwa mpaka jembe linaruka. Mimi niling'oa mita nne kwa tatu tu, nikachimba mashimo, nikajaza samadi ya misimu miwili ndipo mgomba ukakubali kusimama. Mkungu wa kwanza ulikuwa wa kuonea huruma. Msituambie "itarudi" kama mnasogeza kiti.

Na Biblia mmeifunga mapema. Hesabu 27: binti watano wa Selofehadi walimwendea Musa wakadai urithi wa baba yao, na Mungu akasema wana haki.

Kibosho Asilia:
Endelea mpaka sura ya 36, mama. Waliamriwa waolewe ndani ya kabila la baba yao ili ardhi isihame. Hicho ndicho ninachokisema tangu mwanzo.

Mama Wawili:
Kwa hiyo mtampa, kwa sharti? Nimekushika hapo.

Mhaya wa Kibanja:
Sisi wa Kagera tulishapita njia hiyo. Holaria Pastory alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake, akaiuza. Mpwa wake akamshitaki kwamba kimila mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kuwa mwanamke ana haki sawa na mwanaume. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikabatilisha mila zinazomnyima mwanamke ardhi. Kwa hiyo la binti halihitaji hata kura ya ukoo. Ila kumbukeni, mama yule aliuza. Hofu ya Kibosho si ya kijinga, tatizo ni kwamba anawaogopa wanawake tu, na viwanja vingi ninavyoviona vikikatwa vinakatwa na wanaume.

Mwalimu wa Kipaimara:
Naomba niwe mkali kidogo. Askofu Shoo wa KKKT, kanisa la Kilutheri, aliitwa askofu wa miti, na huku kwetu watoto wa kipaimara tunawapandisha miche. Mwaka juzi mwanafunzi wangu alipanda mti wa mruka vizuri kabisa. Baba yake akaukata kwa sababu ulikuwa unadondosha majani kwenye pevingi. Huyo baba hajauza hata hatua moja ya kihamba. Kwa mahubiri ya Esau, ni mtakatifu.

Lakini na wewe mwanzisha mada, "haki ya kuzikwa" bila haki ya kubeba samadi ni kujipendelea. Mnataka dada awalimie makaburi?

Kibosho Asilia:
Hilo la mruka limenigusa, siwezi kulitetea. Niulize kitu kimoja tu: mfereji unaoleta maji hapo kwenu, nani anausafisha?

Mwana wa Mwika:
Mwalimu, nimekubali kipigo.

Kibosho, siku ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kusafisha mfereji, kila nyumba inatoa mtu na jembe. Kwetu anakwenda dada. Sisi watano tunamtumia mwenyekiti elfu kumi kumi kwa simu, na daftari la mfereji lina majina yetu matano. La dada halimo, kwa sababu yeye hakulipa.