Naomba ushauri: mkondo wa umeme una mshale, mbona si vekta?

Jambo ndugu na dada, na hasa ninyi walimu wa fizikia. Niko hapa Goma, namsaidia mdogo wangu wa sekondari, seksio ya sayansi. Skala, yaani vipimo visivyofuata kanuni za mwelekeo, hazimsumbui: masi, muda, halijoto, namba na kizio vinatosha. Vekta nazo, zile zenye ukubwa na mwelekeo, kazielewa. Anajua nguvu ya N (nyutoni) 3 na ya N 4 zikiwa kwenye pembe mraba zinazaa N 5, si 7.

Shida ni mkondo wa umeme. Una ukubwa, una mwelekeo, na mchoro wa sakiti unauwekea mshale, lakini kitabu kinauita skala. Nimemwonyesha kwamba nyaya mbili zikiungana, A (ampea) 2 na A 3 hutoa A 5 hata ukizipinda vipi, yaani kanuni ya msambamba, ile ya kujumlisha vekta kwa kuzingatia pembe kati yao, haifanyi kazi. Akanijibu, "Basi mshale ni wa nini, yaya?" Nikanyamaza. Ana kichwa kigumu huyu, lakini swali lake ni la haki.

Mngemjibuje? Na kuna mfano gani rahisi wa kutenganisha vekta telezi (inayoweza kusogezwa kwenye mstari wake tu) na vekta iliyofungwa (isiyoondoka kwenye nukta yake)? Ule wa kusukuma mlango unaonyesha tu kwamba nguvu si vekta huru, yaani huwezi kuihamishia popote bila kubadili matokeo.