Mzee niliyekuwa namhudumia amefariki, nimeombwa niseme neno ibadani. Kuna jambo alinihadithia, niliseme au nikae nalo?

DadaWaZamuYaUsiku
Wakuu habari zenu. Mimi nahudumia wazee majumbani huku Marekani, majimbo ya Kusini, na mzee niliyekaa naye zamu za usiku miaka mitatu ametutoka wiki iliyopita akiwa na miaka 99. Familia wameniomba nisimame dakika mbili hivi niseme neno, mimi ambaye si damu yao, jamani nililia kwenye simu.

Tanzia imeshatoka gazetini na ni nzuri tu, askari wa Vita Kuu ya Pili, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani chuoni, halafu benki miaka 38 mpaka kustaafu. Yote kweli. Ila mimi namjua kwa miguu yake. Alikuwa analala na soksi mbili mbili hata Julai, maana Desemba 1944 akiwa na miaka 19 walikaa wiki nzima kwenye mashimo ya theluji kule Ubelgiji, miguu ikaganda na baridi ile haikumtoka tena maisha yake yote. Na ile picha ya timu ukutani, vijana wamevaa kofia za ngozi bila hata chuma cha kukinga uso, yeye katikati pua imepinda, hiyo picha nimeifuta vumbi sijui mara ngapi.

Sasa usiku alikuwa hapati usingizi, anaongea. Kuna kisa kimoja alinisimulia kama mara nne. Mwaka 1952 akiwa afisa mikopo kijana kabisa, aliingia mtu mweusi anaomba mkopo wa nyumba ule wa wanajeshi, karatasi zimekamilika, na kwenye ukosi wa koti kavaa kibeji kidogo cha tai rangi ya dhahabu. Mzee na yeye alikuwa nacho hicho hicho, kiko kwenye droo. Akamwambia haiwezekani. Sababu hakumpa. Yule bwana akakunja karatasi zake, akasema asante, akatoka. Kila akifika hapo mzee ananiambia "alisema asante", halafu anageukia ukutani na hapo ndiyo basi mpaka asubuhi.

Na mimi ni mweusi, na ni mimi aliyenichagua kunisimulia. Jina la yule mtu alilikumbuka mpaka mwisho.

Naomba mnisaidie, kile kibeji ni cha nini, na kwa nini benki ikatae mkopo ambao serikali imeudhamini? Na kubwa zaidi, niliseme hili mbele ya jeneza? Ibada ni Jumamosi.

MwalimuMstaafu
Pole sana dada. Nimefundisha historia miaka mingi, nianze na kibeji. Kilitolewa kwa kila aliyemaliza utumishi wake wa vita kwa heshima, tai amekunjua mabawa ndani ya duara. Askari wenyewe walikitania wakakiita bata aliyepasuka kwa vile hakikufanana na tai. Hakikuangalia cheo wala rangi. Jenerali na kuruta, mweupe na mweusi, kibeji ni kimoja, kwa hiyo mzee alipokiona kwenye lile koti alijua moja kwa moja mtu huyu katoka wapi.

Na elewa jeshi lile lilikuwa limetenganishwa kwa rangi. Katikati ya vita vile vya theluji ambako Wamarekani takriban 19,000 walikufa ndani ya wiki sita, askari wa miguu walipungua vibaya mpaka makamanda wakaomba weusi waliokuwa kwenye ugavi wajitolee kwenda mstari wa mbele. Walioingia walizidi 2,000, na masajenti waliokuwemo walikubali kuvuliwa vyeo wawe askari wa kawaida, kisa wapewe nafasi ya kupigana. Rais Truman alisaini amri ya kumaliza ubaguzi jeshini Julai 1948, vita imeshaisha kitambo.

Kuhusu chuo, mzee wako aliingia kwa sheria ya kuwasaidia askari waliorudi, aliyosaini Rais Roosevelt tarehe 22 Juni 1944. Serikali ililipa ada mpaka dola 500 kwa mwaka na juu yake posho ya kila mwezi, dola 50 kwa asiye na familia, baadaye 65. Mwaka 1947 karibu nusu ya wanafunzi wa vyuo Marekani nzima walikuwa askari waliorudi. Kwa hiyo hiyo timu ya kwenye picha si watoto hao, ni wanaume waliotoka kuzika wenzao. Na angalia tena picha vizuri dada, hutaona uso mweusi hata mmoja. Kwenye ligi kubwa ya vyuo vya Kusini mweusi wa kwanza kucheza futiboli alikuwa Nate Northington wa Kentucky, na hiyo ni 1967.

KaratasiZaMikopo
Mimi nipo upande wa mikopo ya nyumba hukuhuku, nijibu hilo la pili maana watu wengi wanalielewa vibaya. Serikali haikutoa hela. Ilidhamini tu sehemu, kufikia 1950 ilikuwa asilimia 60 isiyozidi dola 7,500, hela yenyewe inatoka benki na anayesema ndiyo au hapana ni benki. Yani sheria kwenye karatasi haikumtaja mweusi popote lakini mlango ulikuwa na mtu kasimama, na kwenye mji wenu huyo mtu alikuwa mzee wako.

Kulikuwa pia na ramani za tangu miaka ya 1930 ambazo mitaa ya weusi ilipakwa nyekundu kuonyesha ni hatari kukopesha, na mitaa ya weupe mweusi hauziwi, sasa hata akikubaliwa anunue wapi? Mississippi mwaka 1947 mikopo iliyodhaminiwa kwa askari ilikuwa 3,229 ya nyumba, biashara na mashamba, ya weusi MIWILI. Sheria ya kukataza kumnyima mtu nyumba kwa rangi yake imekuja 1968.

Simtetei mzee. Afisa kijana angempitisha yule bwana huenda kazi ingekuwa ngumu kwake, ndiyo, ila nyumba ile ndiyo ingesomesha watoto wa yule bwana na wajukuu zake, na hilo mzee alilijua, ndiyo maana hakulala.

Mtulivu77
Usiseme. Alikuambia gizani usiku, ilikuwa siri yake na wewe. Watoto wake wamekuja kumlilia baba, wewe mgeni unasimama unawavua nguo? Sema habari za soksi na picha ukae.

BintiWaMchungaji
Mtulivu nakuelewa lakini sikubaliani na wewe kote. Mtu anayesimulia jambo mara nne hajalificha, analitafutia pa kuliweka. Ila ibadani hapana, hapo nipo na wewe. Dada ongea na mwanae mkubwa kwanza, mkiwa wawili, kabla ya Jumamosi. Akikuambia nyamaza utanyamaza na moyo wako utakuwa mweupe.

DadaWaZamuYaUsiku
Asanteni sana wote. Jana niliongea na binti yake, yeye mwenyewe ana miaka 70. Alinyamaza muda mrefu sana. Hakuwahi kuambiwa. Akaenda akatoa kibeji kwenye droo akakiweka mezani katikati yetu, akasema baba hakuwahi kukivaa, hata siku za gwaride la wanajeshi wastaafu mji mzima ukivaa vyao, na nyumbani walidhani ni unyenyekevu.

Jumamosi nitaongelea miguu yake. Hilo jingine binti ameniomba nimwachie yeye. Halafu akaniuliza jina la yule bwana, nikamtajia, akaliandika. Anataka kuwatafuta watoto wake. Mwalimu, tunaanzia wapi?

MwalimuMstaafu
Msianzie jeshini, moto wa ghala la kumbukumbu za wanajeshi la St. Louis wa Julai 1973 uliteketeza kama asilimia 80 ya mafaili ya askari wa nchi kavu waliotoka jeshini kati ya 1912 na 1960. Anzeni ofisi ya kumbukumbu ya kaunti, maana wengi wakitoka vitani walipeleka cheti cha kuachishwa kikaandikishwa hapo wasije kukipoteza. Pia sensa ya 1950 ilifunguliwa kwa umma Aprili 2022, unatafuta kwa jina, unapata mtaa na majina ya wote waliokuwa wanaishi nyumba moja. Watoto wake mtawaona humo.

DadaWaZamuYaUsiku
Tumeiona. Jina lipo, mke, na watoto watatu, mdogo ana miezi minane. Kaunti wanafungua Jumatatu saa mbili asubuhi, tunakwenda wote wawili.