TB sugu: upasuaji wa pafu bado una kazi?

Wakuu, kuna hoja imeshika kasi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kwa TB sugu (kifua kikuu kisichosikia dawa za kawaida) mchanganyiko uitwao BPaLM, dawa nne za kumeza kwa miezi 6, badala ya matibabu marefu ambayo zamani yalikuwa na sindano zilizoacha wengine viziwi. Basi watu wanasema upasuaji wa pafu ufungiwe kabatini. Sikubali, ingawa wanaotaka kila mwenye TB sugu aingizwe tieta (chumba cha upasuaji) nao siwaungi mkono.

Wapinzani wana historia upande wao. Kabla ya streptomaisini, dawa ya kwanza iliyotibu TB, kugunduliwa mwaka 1943, huko Ulaya na Marekani wagonjwa waliondolewa mbavu ili kifua kibonyee na pafu lipumzike. Ukatili ule tusiurudie.

Lakini dawa huua vimelea tu, tundu lililochimbwa kwenye pafu hubaki. Mtu amemaliza dozi, makohozi safi, ameruhusiwa. Baadaye anaanza kukohoa damu. Picha inaonyesha tundu juu ya pafu la kulia, na ndani yake limeota donge la fangasi. Wapo wanaoanzishiwa dawa za TB upya, bila faida yoyote! Kama mapafu yake yanahimili, tiba yake ni kukata kipande hicho.

Jibu la kwanza: Mkuu, unajua operesheni hiyo inataka nini? Mtaalamu wa usingizi anayeweza kutenga pafu moja damu isimwagikie la pili, damu ya akiba, ICU. Wilayani hata GeneXpert, mashine ya kupima TB na usugu wake, hukwama kwa kukosa katriji (vikasha vya kupimia). Anzeni hapo.

Jibu la pili: Na kuziba mshipa unaovuja damu kwa mrija unaopitishwa pajani je? Hakuna kupasua.

Mleta mada: Kunasimamisha damu, ila donge liko palepale na damu hurudi. Kuhusu gharama, sijasema kila wilaya. Hata WHO mwaka 2016 ilikubali kuondoa sehemu ya pafu tu, sambamba na dawa. Kuondoa pafu zima hakukuonyesha faida. Wanaofaa ni wachache, kituo kimoja cha rufaa kinaweza kuanza. Kinachoniuma ni daftari la wagonjwa wa TB: dawa za TB ni bure, lakini huyu wa fangasi ameshaandikwa amepona. Bili ya upasuaji anaipeleka wapi?